Kaseti ya Bibi Harusi Mwingine

Isiolo, Jumatano, baada ya alasiri

Sahra mwanangu,

Salaam aleikum. Barua hii nimeiweka juu ya buibui lako la safari ili uione kabla ya kulala, na ukiiona usiikunje ukasema, "Ni mama tena." Kaa kitandani usome. Umeenda kuwaaga rafiki zako, nyumba imejaa wageni wa mume wako, kila chumba kina masikio, na sisi wawili tangu siku ya harusi hatujaweza kuongea bila mmoja kupandisha sauti. Basi naandika. Kisomali sikufundishwa kukiandika. Kiswahili nilifundishwa darasa la ngumbaru, wanawake wazima tumebanana kwenye madawati ya watoto, kwa hivyo nikikosea nivumilie.

Sitakuambia habari ya kupika wala ya kuamka mapema. Hayo unayajua, na usiyoyajua utafundishwa huko Moyale utake usitake. Nataka kusema juu ya ile kaseti. Ndiyo, ile ile. Bado nimekasirika. Nimeswali nikidhani nitapoa, lakini nikitoa salamu tu nasikia kile kinanda chake kichwani, na hasira inarudi pale pale.

Wewe unasema nimekasirika kwa sababu ni muziki wa siku hizi na mimi ni mtu wa zamani. "Mama, kila mtu anapenda ya wakati wake." Ulisema hivyo mbele ya mama mkwe wako, ukacheka, na yeye akacheka. Na mimi nikacheka, kumbe ndani naungua. Sasa sikia. Unafikiri mimi sikuwa msichana? Ya wakati wangu ilikuwa santuri. Duka la Mhindi pale barabara kuu lilikuwa nayo, na tukitumwa sukari tulisimama mlangoni mpaka upande mmoja uishe na ageuze wa pili. Magitaa mawili tu, na mtu anaimba polepole, unasikia kila neno, unajua nani kamwacha nani na kwa sababu gani. Siku hizi unasikia dum dum dum, na mwimbaji akipata nafasi ya kusema kitu, anasema neno moja mara mia. Mama yangu aliiita santuri kelele za walevi. Nilichapwa kwa ajili yake, na kesho yake nilirudi mlangoni kwa Mhindi. Kwa hivyo usinifanye mtu asiyejua raha.

Lakini siku ya harusi santuri ilifunikwa kitambaa. Hata sisi wasichana tulioipenda hatukuuliza kwa nini. Siku hiyo ilikuwa ya wanawake na buranbur zao, zile nyimbo za kumsifu bibi harusi, na buranbur, mwanangu, haiokotwi njiani. Hutungwa. Mwanamke mwenye ulimi anamtungia msichana mmoja, baada ya kuuliza na kuuliza: huyu ni wa nani, amelelewa vipi, anaenda kwa watu gani, hao watu wana sifa gani na wana kasoro gani. Halafu siku ile anaingia katikati ya wenzake, ngoma inapigwa, anayasema yote mbele ya mashahidi, na wanaochukua bibi harusi wamekaa pale wanasikia. Ikishaimbwa, hiyo ni ya huyo msichana mpaka anakufa.

Sasa hiyo kaseti yenu. Hakuna mahali haipigwi. Hotelini inapigwa, kwenye malori inapigwa, wauza miraa wanaipiga kutoka asubuhi mpaka betri zife. Nasikia ilirekodiwa kwenye harusi ya tajiri fulani huko Mogadishu, halafu wenye mashine wakaitia kinanda na ngoma za umeme, na leo kila msichana kutoka hapa mpaka Mandera anataka kuingia nayo. Mama aliyeimba ana ulimi, hilo sikatai. Mashallah, anajua kazi yake. Lakini alikuwa anamwimbia mtoto wa watu! Amemtaja baba yake, na babu yake, na baba wa babu yake. Amesema maduka yao yamejaa pwani yote. Amesema msichana amekulia kwenye upepo wa bahari, na ngozi yake haijajua vumbi.

Ukaingia wewe. Wewe, uliyekuwa ukirudi kutoka shule miguu myeupe kwa vumbi mpaka magotini! Spika za shemeji zako zinalia, jenereta inanguruma kule nyuma ya choo, na ile sauti inatangazia mji mzima kwamba wewe ni binti wa Haji sijui nani, mwenye meli. Bahari gani, Sahra? Wewe maji mengi uliyoyaona ni mto Ewaso ukifurika. Nilimtazama baba yako kupitia mwanya wa turubai. Alikuwa upande wa wanaume, kiti cha mbele, na kofia mpya. Hassan dereva, ambaye kila mtu hapa anamjua, amekaa anasikia mtoto wake anapewa baba mwingine kwa spika. Alisikiliza mstari wa kwanza, akasikiliza wa pili, halafu akainuka akasema anaenda kuangalia tairi. Tairi gani? Lori lilikuwa limeegeshwa wiki nzima.

Na bibi kizee wa jirani, yule asiyesikia vizuri, akanivuta nguo. "Khadija, kwani anayeolewa ni wa nani? Si mliniita kwa harusi ya Sahra?" Nilitamani ardhi inimeze. Nyinyi mnapiga makofi tu.

Shangazi yako Dahabo alikuwa amekaa karibu na ngoma. Kutoka Biliqo alikuja juu ya lori la mbuzi, na mgongo wake ule unaoujua. Alianza kukutungia tangu siku posa ilipopokelewa. Hajui kusoma, hutunga akipima sukari na majani dukani kwake, na akisahau mstari huanza upya kutoka mwanzo. Wateja wake wameshamzoea, wakimkuta ananong'ona wanangoja. Siku hiyo alivaa nguo yake nyeupe, akajipamba kwa uzuri wake wote. Kila wimbo wa kaseti ukiisha anakaa sawa, anasafisha koo, na kijana wa spika anaweka mwingine. Akawa ananitazama. Nikamwambia, "Ngoja kidogo, wacha watoto wamalize." Nikamwambia hivyo tena. Na tena. Nilikuwa nimeshika masinia ya wali, naona haya kuzusha ugomvi mbele ya wakwe. Hilo ni langu, sitakubebesha wewe. Ningeenda kule nyuma nikang'oa waya, leo nisingekuwa na barua ya kuandika.

Mwishowe akainuka mwenyewe. Akaenda kwa shemeji yako mdogo, akamwomba kwa heshima azime kidogo tu. Nilikuwa karibu, nilisikia kwa masikio yangu. Yule kijana akasema, "Nyanya, zako tutasikia kesho. Leo ni disko." Na wewe ulikuwa hapo hapo na hina yako. Ukasema, "Shangazi, hizo za zamani, watu watachoka." Hukusema kwa ubaya, najua. Ulisema ukitabasamu, na huenda ndiyo maana ilimchoma zaidi. Dahabo akaitikia kwa kichwa. Akasema, "Wallahi, katika boma hili kinywa changu hakitaimba tena." Akaenda chumba cha nyuma, na mpaka leo anasalimu, anakula, anaswali, basi.

Wewe ulifikiri amenuna kwa sababu ya uzee. Sasa nikuambie ni nani mliyemwambia leo ni disko.

Nilipoolewa na baba yako nililetwa kwa nyanya yako, Mungu amrehemu. Na amrehemu kweli, kwa sababu mwanzoni alinitesa. Nilipika mimi, nikapakua mimi, halafu nikala jikoni peke yangu yaliyobaki, wote wakishamaliza. Baba yako alikuwa barabarani, wakati huo wa vita vya shifta lori likienda hujui litarudi lini. Sikumwambia. Kwetu pia sikusema. Mama yangu akija kunitembelea namwambia hapa raha mustarehe, huku nguo zinanipwaya. Nilijidanganya kwamba kunyamaza ndiyo heshima. Nilikosea vibaya sana, Sahra, na wewe una tabia ile ile, ukiumia unatabasamu. Nimeiona tangu ukiwa mdogo na inaniogopesha.

Lakini katika wimbo wangu mimi, mama mdogo wangu alikuwa ameweka mstari mmoja: "Tumewapa msichana anayekula mkekani na wenzake." Watu walikuwa wameusikia. Siku moja ikawa harusi ya majirani. Dahabo wakati huo ni msichana tu, hajaolewa, na ni binti wa nyumba ile ile, mtoto wa kuzaliwa na nyanya yako. Alikuwa akiniona jikoni kila siku, hasemi kitu. Ngoma ilipokolea akaingia katikati, akauchukua mstari wangu, akauimba akimtazama mama yake usoni. Akaurudia. Wanawake wote wakaupokea, wengine hawajui hata kuna nini, wengine wanajua sana. Nyanya yako hakujua aangalie wapi.

Jioni hiyo alikuja mpaka mlango wa jikoni akasema, "Toka huko, njoo mkekani, chakula kinapoa." Sikula jikoni tena mpaka alipokufa, na mwisho wake mimi ndiye niliyemlisha kwa mkono, na tulipendana. Dahabo alichapwa kwa ajili ya ule mstari. Alichapwa kwa ajili yangu, na sijamsikia akinikumbusha hata siku moja.

Umeelewa sasa? Utamu sigombani nao. Kaseti yenu ni tamu, hata mguu wangu ulikuwa unapiga chini bila ruhusa yangu. Lakini itamwambia nini mama mkwe wako? Itamwambia habari ya upepo wa bahari! Hata santuri yangu niliyoipenda isingemwambia kitu nyanya yako, ndiyo maana tuliifunika. Mnaniudhi mnaposema "za zamani" kama mnasema viatu vilivyokatika. Mmeitupa bila kuuliza inafanya kazi gani.

Na mama mkwe wako ni mtu wa kuambiwa. Dahabo alipokuwa anatunga aliuliza, kama inavyotakiwa. Yuko mama anayeuza maziwa ya ngamia pale sokoni, aliishi Moyale ukuta kwa ukuta na watu wako. Alimweleza Dahabo yale ambayo hakuna mgeni aliyetuambia siku ya posa. Kaka zake mume wako Ibrahim walioa kabla yake. Mke wa mmoja alirudishwa kwao kwa sababu alichelewa kutoka kisimani. Mke wa mwingine alirudishwa kwa sababu alijibu. Waliondoka wamekonda, na muda wote waliokuwa pale hakuna mtu wao aliyewahi kupiga hodi kuuliza hali. Mama mkwe wako si shetani. Ni mtu anayeangalia kwanza kama msichana ana mwenyewe, halafu ndipo anaamua atamfanyia nini. Watu wa namna hiyo ni wengi.

Na siku ya harusi tulimwambia nini? Tulimwambia kwa spika kubwa kwamba wewe ni mtoto wa mtu wa mbali, hajulikani. Baba yako akaondoka kuangalia tairi. Mimi nikagawa wali.

Sikuambii usiende. Mmependana na Ibrahim, ni kijana mzuri, ananiheshimu, sina neno naye. Lakini atakuwa kwenye lori kama baba yako alivyokuwa, na mwanamume haoni kinachoendelea jikoni kwa mama yake. Nenda, mwanangu. Ila huendi bila kusemewa. Hilo nimekataa.

Leo mchana, nyinyi mkiwa mmelala, niliingia chumba cha nyuma. Dahabo alikuwa anafunga mzigo wake, anatafuta gari la kumrudisha Biliqo. Nikakaa chini.

"Dahabo, mtoto anaenda kesho."

"Mungu amfikishe salama."

"Anaenda mikono mitupu."

"Khadija, nimeapa. Mimi si wa kuapa leo na kuvunja kiapo kesho."

Nikaanza kulia, sikuficha, nimechoka kuficha. Aliniangalia mpaka nikamaliza, halafu akasema, "Niliapa juu ya kinywa changu. Chako sikukitaja."

Nikamwambia amerukwa na akili. Mimi kuimba! Unanijua. Nikiwabembeleza mlipokuwa wachanga mlikuwa mnalia zaidi. Dahabo akafunga mlango, akageuza karai la kufulia, akaanza kulipiga kwa vidole taratibu, akawa ananiambia mistari kwa kuongea tu, bila sauti ya kuimba, ili asivunje kiapo. Mimi nafuatisha. "La. Unaimba kama mtu anayenadi mbuzi. Rudia." Narudia. "Sasa unaimba kama mbuzi mwenyewe. Rudia." Tulicheka, Sahra, tulicheka mpaka tukajifunika shuka midomoni wageni wasisikie. Kisha akanikaripia kweli kweli, kwa sababu nilikuwa naharakisha mahali pa jina la baba yako. "Hapo usikimbie," akasema. "Hapo ndipo watu wote wasimame."

Kwa Kiswahili haina ladha, na vina vyake vyote vinapotea. Lakini nataka ujue inasemaje, kwa sababu kesho nikipotea njia wewe ujue nilikuwa naelekea wapi:

*Tumewapa Sahra wa Hassan, wa vumbi la Isiolo,*
*aliyefua akiimba, aliyesoma kwa koroboi.*
*Tumewapa kwa furaha, hatukumtupa kwenu.*
*Akikosea mfundisheni, naye ana masikio.*
*Lakini baba yake ni dereva, enyi watu wa Moyale,*
*barabara yenu anaijua hata taa zikizimika.*
*Akilia huko jikoni, machozi hayajakauka,*
*mtasikia lori la Hassan linapumua langoni.*

Inaendelea zaidi ya hapo, kuna beti za kumsifu Ibrahim na za kumsifu hata mama mkwe wako, tena nzuri, Dahabo si mtu wa kuonea. Lakini hizo ndizo zako. Niliposikia hiyo ya lori nilimwita baba yako kutoka nje, nikamwambia maneno yake. Alienda akaanza kuosha lori, na mpaka sasa ninavyoandika bado anaosha.

Basi kesho asubuhi, wanawake wa Moyale wakiwa uani wanamaliza chai, na mama mkwe wako katikati yao, nitasimama. Dahabo atapiga karai, kupiga hakuapia. Sauti yangu itakwaruza. Mahali nitasahau, nitarudi nyuma kama yeye dukani. Shemeji yako mdogo atacheka, na rafiki zako pia. Wacha wacheke, mimi nimeshacheka vya kutosha nikiwa naungua.

Desturi haimruhusu bibi harusi kuomba wimbo wake, na mimi sikuombi uombe. Wala sitaki unililie msamaha, sina muda wa hayo, nitakukosa vibaya sana na nataka asubuhi hiyo iwe na kazi moja tu. Najua msafara wa magari ya Moyale, unaosindikizwa na askari, haungoji mtu. Askari wa kizuizi cha barabarani watapiga honi, Ibrahim ataangalia saa, shemeji yako ataingiza kaseti yake kwenye gari kama kawaida. Wewe usipande. Simama uani, uso juu, umtazame mama mkwe wako wakati ninamtazama, aone tuko wawili. Na dereva akiwasha, mwambie, tena kwa sauti wote wasikie: "Zima gari. Mama hajamaliza."

Ni mimi mama yako,
Khadija